Mwache Aje Mwenyewe

Watu wanaokuja kwetu Kikwajuni, Unguja, kutaka paka huuliza jambo moja kabla ya yote: ni mpole? Umri hawauulizi, wala kama kachanjwa, wala kama amezoea watoto. Huwajibu kwamba upole wa paka aliyeokotwa haujulikani siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo inayoonekana ni hofu tu. Wapo wanaofika wamefura, masikio yamelala nyuma, wanafoka kila mlango ukifunguliwa. Wapo wanaokaa kimya pembeni, ukawagusa wasitikisike, na nyumba nzima ikafurahi kuwa imepata paka mtulivu. Hao wa pili hunitia wasiwasi zaidi. Paka huwinda wadogo wake na huwindwa na wakubwa wake, na akijiona hana pa kukimbilia wala nguvu ya kupigana, huganda akitaraji asionekane. Mtoto atakayempakata katika hali hiyo atadhani amekubaliwa, na siku ganzi itakapomtoka paka, mtoto ataparurwa na paka atafukuzwa.

Wa kwanza wetu alikuwa Mkaa, jike jeusi kutoka diko la Malindi. Asubuhi pale dikoni, boti zikishusha samaki na wachuuzi wakianza kuparua magamba, paka huja chini ya meza kungojea matumbo na vichwa. Madume makubwa hukaa karibu na kisu, majike yanayonyonyesha hungoja kando, wagonjwa huokota kilichosalia. Mkaa alikuwa katika hao wa mwisho. Upande mmoja wa mgongo hakuwa na manyoya. Mtu alimmwagia maji ya moto, na kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Mchuuzi mmoja alinisaidia kumfunika kwa gunia na kumtia tengani. Nikalifunika tenga zima kwa khanga, nikapanda daladala nimelipakata. Alilia mpaka Darajani, kisha akanyamaza. Kila niliyemsafirisha baada yake nimemsafirisha vivyo hivyo, amefunikwa, asione watu wala magari.

Daktari wa mifugo alimsafisha kidonda, akampa dawa ya minyoo na ya viroboto, akasema chanjo ya kichaa cha mbwa na kufungwa uzazi vingoje mpaka apate nguvu. Halafu akanipa agizo ambalo nililieleza nyumbani kwa taabu: asiachiwe nyumba nzima, na asishikwe ila kwa dawa.

Mama yangu hakulipenda. Kwake yeye mgeni hafichwi chumbani. Alitaka Mkaa akae ukumbini, watoto wamzoee naye awazoee. Tumelelewa na methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, na kwa binadamu naiona ina hekima yake, kwani mgeni anayejua jembe lilipo ameshaanza kuwa mwenyeji. Paka wa diko, siku ya tatu, huenda hajala bado mbele ya mtu. Nilimuomba mama anipe stoo, ile iliyo karibu na jiko la uani. Akanipa kwa sharti kwamba mchele wake utoke kwanza.

Chumba kidogo kina faida moja ambayo watu hawaifikirii. Paka akiingia mahali pageni hawezi kulala mpaka ajue kila pembe ina nini. Nyumba kubwa humchosha, kwa kuwa kila akimaliza pembe moja, mtu amepita, mlango umefunguliwa, sufuria imeanguka, na inambidi aanze upya. Stoo aliimaliza usiku mmoja. Upande mmoja niliweka beseni la mchanga lililochanganywa na maranda kutoka kwa seremala wa jirani. Upande wa pili, mbali kabisa na beseni, niliweka chakula na maji, maana paka hapendi kula karibu na choo chake, na ukivikaribisha atasusa kimojawapo. Katikati niliweka boksi la sabuni nililolilaza ubavu, na ndani yake khanga kuukuu niliyokuwa nimeshaivaa siku nzima bila kuifua, ili harufu yangu iwe ya kwanza kumfikia kabla yangu mwenyewe.

Lile boksi lilikuwa muhimu kuliko chakula, na nilikuja kusoma kwamba sikuwa peke yangu kuona hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha majaribio waliyofanya kwenye makazi ya paka waliookotwa. Baadhi ya paka wapya walipewa maboksi ya kujificha, wengine hawakupewa. Waliopewa walikuwa na mfadhaiko mdogo katika siku za mwanzo na waliizoea hali mpya upesi zaidi. Wengi hudhani paka anayejificha anazidi kuwa mkali, kwa hiyo humvuta nje, huziba uvungu wa kitanda, humnyanyua akae na watu. Mimi nimeona kinyume chake kila mara. Paka mwenye pa kujificha hutoka mapema, kwa sababu anajua anaweza kurudi. Sheria ya boksi nyumbani kwetu haina msamaha: aliyemo ndani haguswi, haongeleshwi kwa karibu, haonyeshwi kwa wageni. Watoto wa dada yangu waliijifunza sheria hiyo kabla ya kujua jina la paka.

Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kuwa mtu wa kutabirika. Nilimletea chakula baada ya swala ya alfajiri na baada ya magharibi, kwa mwendo ule ule na maneno yale yale mlangoni. Kisha nilikaa chini sakafuni, ubavu wangu ukimwelekea, nikisahihisha madaftari ya skuli na kusoma majibu ya wanafunzi kwa sauti ya chini. Sikumnyooshea mkono. Sikumkodolea macho pia, maana paka hukodoleana macho wakati wa ugomvi. Macho yetu yakikutana kwa bahati, niliyafumba polepole na kuyafumbua polepole. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo kwa paka wa jikoni na sisi tulidhani ni usingizi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka akifumbiwa macho hivyo huelekea kufumba yake pia, na humsogelea mgeni aliyemfumbia kuliko yule aliyebaki na uso usiobadilika. Mkaa alinijibu usiku mmoja wa masika, mvua inapiga bati kiasi kwamba hata sauti yangu sikuisikia. Alifumba, akafumbua, akaendelea kunitazama kutoka bokisini.

Subira hii ina mpaka, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wakisubiri wasipostahili kusubiri. Mpaka wenyewe ni kula. Paka asiyekula siku mbili au tatu mfululizo anaweza kuharibika ini. Mafuta ya mwili hukimbilia huko kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na wanene ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo yule anayejificha mchana lakini asubuhi sahani iko tupu, mwache. Yule ambaye sahani inabaki ilivyo, mpeleke kwa daktari hata kama itakubidi umvue bokisini kwa taulo. Beseni nalo linasema mengi. Dume anayekwenda kuchuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka hangojwi mpaka kesho, njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa upesi sana.

Chakula chenyewe si cha gharama. Samaki wa kuchemsha bila chumvi, aliyetolewa miiba, au vipande vya kuku, na maini kidogo mara moja moja. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wetu hayamfai. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila jirani huja nayo kwa wema, huwaharisha paka wengi wakubwa, na paka mgeni mwenye kuharisha ni paka anayepungukiwa maji mwilini katika wiki asiyotakiwa kupungukiwa na chochote. Nawashukuru majirani, halafu tunayanywa kwa chai.

Lakini chakula si kitu cha kumnunulia paka. Nimeona watu wakimshika paka mgeni akila, kwa kuwa ndio wakati pekee anakaa mahali pamoja. Wanapata mguso wa leo na kuupoteza mlo wa kesho, kwani paka hujifunza upesi kwamba sahani ni mtego. Mkaa nilimwacha ale mpaka amalize, aende zake. Siku aliyokuja kuupitisha ubavu wa uso wake kwenye kisigino changu, nilijua maana yake. Mashavuni paka ana tezi za harufu, na anapojisugua huacha alama kwamba kitu hiki nakifahamu. Nilimshushia kidole usawa wa pua anuse. Akanusa, akasugua shavu, nikamkuna chini ya masikio kidogo tu, nikaacha. Hilo la kuacha ndilo ninalowafundisha watoto kuliko yote. Mkune kidogo, toa mkono, ungoje. Akitaka zaidi atasogea. Akipiga mkia, au ngozi ya mgongo ikitetemeka, au akaugeuzia mkono masikio yake, amesema hapana, na hapana yake ikisikiwa mapema hatahitaji kuisema kwa kucha. Paka aliyepigwa na kufukuzwa maisha yake yote hajawahi kukataa jambo likakoma. Anapogundua kwamba hapa anaweza, mabega hushuka, na unaona kwa macho yako kwamba amepumua.

Weusi wake ulileta maneno. Kwetu Unguja wapo wanaoamini kwamba paka mweusi wa usiku ni jini, na jirani mmoja alimuomba mama asimfungulie mlango saa za magharibi. Mama, aliyekuwa bado ana kinyongo cha stoo yake, ndiye aliyemjibu. Alimkumbusha kisa cha Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyemtilia maji ya udhu mkwewe Abu Qatada. Akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Binti alipomtazama kwa mshangao, akamwambia kwamba Mtume alieleza kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mama alikieleza kisa chote pale barazani, akarudi ndani, na tangu siku hiyo maji ya Mkaa akawa anayabadilisha yeye. Mambo mengi niliyotaka kumweleza kwa vitabu vya mifugo alikuwa nayo tayari kutoka chuoni alikosomea Kurani.

Baadaye walikuja wengine. Siwezi kuwaeleza wote, wala wote hawakuwa na kisa. Wengi walikula, wakanenepa, wakachukuliwa.

Kashata namweleza kwa sababu alikuja Mkaa akiwa tayari mwenye nyumba, na watu wengi hushindwa hapo. Alikuwa kitoto cha madoadoa, mchanga kiasi cha kutosheka na mtu yeyote mwenye joto. Vitoto vya paka vikishikwa na watu kwa upole kati ya wiki ya pili na ya saba za maisha yao, mara nyingi huwaona binadamu kuwa jambo la kawaida, na Kashata alifika ndani ya muda huo. Tatizo halikuwa yeye, alikuwa Mkaa. Hatukuwakutanisha. Kashata aliingia stoo, mlango ukafungwa, na kila mmoja akapata chakula chake upande wake wa mlango, mbali kwanza, kisha karibu. Nilichukua kitambaa, nikampangusa Kashata mashavuni, nikakiweka mahali Mkaa anapolala, na cha Mkaa nikakipeleka kwa Kashata. Mkaa alikifokea kitambaa kile. Kesho yake alikinusa na kuondoka. Nilipoona analala karibu nacho, ndipo nikaufungua mlango upana wa vidole viwili, chakula kikiwa pande zote. Kufoka kulikuwepo, na sikukuingilia, kwani kufoka ni adabu yao ya kuwekeana mipaka. Ninachokizuia ni kufukuzana na kuziba njia. Mabeseni yakawa zaidi ya idadi ya paka, sahani zikatenganishwa, na juu ya kabati nikamtengea Mkaa mahali ambapo mtoto hakuweza kupanda. Hawakuwa marafiki wa kulambana. Walikuja kuwa majirani wema, na hilo lilinitosha.

Shume alikuwa dume la ukubwani, amezaliwa nje, amekulia nje, uso wote makovu. Alikuwa akija ukutani kwetu usiku. Tulimtega kwa tenga la mtego, daktari akamhasi, akamchanja, akamkata ncha ndogo ya sikio la kushoto akiwa usingizini ili ajulikane asije akategwa tena bure. Nilimpa stoo na boksi na madaftari kama nilivyowapa wengine, nikangoja muda mrefu kuliko nilivyowangojea wengine. Alikula. Hakusogea. Alikuwa akijirusha dirishani mpaka pua ikatoka damu, na hapo nikauona ukweli kwamba kuendelea ni kumtesa kwa jina la wema. Tukamfungulia. Hakuhama. Anakula uani jioni, analala chini ya karo kwenye boksi lake, na mtu akimkaribia hatua tatu huondoka bila haraka. Jirani mmoja anasema nimeshindwa na huyo. Mimi namwona Shume kuwa ametulia kikamilifu: ana chakula, ana mahali pakavu, hapigani tena, na anajua hakuna atakayemnyanyua. Kumtaka pia akae mapajani ni haja yangu mimi, yeye hana haja hiyo.

Juu ya kufunga uzazi nimezungumza na watu wengi, na nimeyasikia maneno ya dini kwa heshima. Wanazuoni wana kauli tofauti. Wapo wanaokataza, na wapo wanaoruhusu pale penye maslahi na pasipo na madhara kwa mnyama. Mimi niliifuata kauli ya kuruhusu baada ya kukaa dikoni asubuhi nyingi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hivi, hubeba kwa wiki tisa, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Nimeona vitoto vya kila kundi vinavyoishia chini ya magurudumu, na mama yao mwenye mimba tena akinusa mahali vilipolala. Anayenipa sababu ya kumwacha azae namsikiliza, kisha namuomba aende naye akatazame.

Yapo ya hatari ambayo ni lazima yasemwe waziwazi kwa kila anayechukua paka. Panadol ni sumu kwake. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wetu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Dawa nyingi za kupe za mbwa zina pemethrini, na hiyo nayo huua paka, hivyo usimpake ya mbwa kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Ukiumwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukijisikia mzima au la, kwani kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba. Mjamzito hahitaji kumfukuza paka, amwachie mtu mwingine kazi ya beseni, na beseni lisafishwe kila siku, maana vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza.

Kisha kuna makelele, ambayo mjini hatuwezi kuyakwepa. Kikwajuni iko karibu na Maisara, na usiku wa kuamkia Januari 12 fashifashi za Mapinduzi hupasuka juu ya mapaa yetu. Watu hushangilia, na ni haki yao. Siku hiyo jioni nawalisha mapema, nawafungia ndani, narudisha maboksi hata kwa wale waliokwishayaacha miaka mingi, nafungulia redio. Mkaa, malkia wa nyumba, huingia bokisini saa nne. Simfuati. Nakaa sakafuni na madaftari yangu karibu na hapo, na asubuhi anatoka kudai samaki.

Juzi familia moja ya Fuoni ilimchukua jike mwekundu aliyekuwa amekaa nasi mpaka akapona mguu. Niliwapa tenga lake, boksi lake, na khanga yake nikawasihi wasiifue. Jioni ya pili baba wa nyumba akanipigia simu, sauti ya mtu aliyekata tamaa. Paka kaingia uvunguni, hatoki, watoto wanalia, labda hawapendi, labda amrudishe. Nikamuuliza kama sahani ya asubuhi ilikuwa tupu. Akasema ndiyo. Na beseni? Limetumika. Nikamwambia watoto walale, asisogeze kitanda, na kesho alfajiri sahani aiweke shubiri moja tu karibu zaidi na mlango kuliko ilivyokuwa leo, kisha anipigie wiki ijayo.